Bukavu: kompyuta inawaka, kioo kinabaki cheusi

Huko Kadutu, kijana mmoja anayechapia wanafunzi kazi zao za mwisho wa masomo alijiungia kompyuta kwa vipande alivyonunua kimoja kimoja, vingine kwa deni. Siku ya kuiwasha feni zilizunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi. Na wanafunzi wawili walikuwa wanangoja.

Muuzaji wa vipande akamwambia ubao mkuu umekufa, alete dola 90 apewe mwingine. Muuzaji hapotezi kitu akisema hivyo.

“Mdogo wangu, usilipe kwanza,” akamwambia mkubwa wake, fundi wa redio. Akaujaribu waya wa kioo kwenye kompyuta ya jirani: mzima. Akachomoa umeme, akatoa rami, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akairudisha mpaka ikalia “ka”. Akatazama waya wa pili wa umeme, ule wa karibu na prosesa ambao wengi wanausahau. Ulikuwepo. Bado giza.

Ndipo akasoma boksi la prosesa: Core i3-10100F. Hakuna kilichokufa. Prosesa za Intel za aina hiyo, zenye F mwishoni, hazina sehemu ya kutoa picha. Kuunga kioo kwenye ubao ilikuwa kama kufungua robine isiyo na maji.

Wakaazima kadi ya picha ya zamani, wakaunga kioo kwenye kadi yenyewe. Picha ikatoka. Kazi ya kwanza ilichapwa usiku ule ule, kabla umeme haujakatika.