Mpeni arobaini yake

Basel, Uswisi

Ndugu zangu wa Ifakara, na ninyi wa Mang'ula, Mbingu, Mngeta na Mlimba,

Leo naandika nikiwa na hasira, na nimeona bora niiseme kuliko kuimeza. Jumapili shangazi yangu alinitumia ujumbe wa sauti, anasifia. Binti mmoja wa ukoo wetu, aliyerudi kutoka Dar es Salaam alikofanyiwa operesheni ya fistula, eti "ameamka kweli kweli": keshajitwika ndoo, keshaingia shambani kupalilia mpunga, na mumewe keshamrudisha chumbani. Mwezi haujatimia. Shangazi yangu, heshima yako iko palepale, lakini hilo si la kusifia. Mnamwangusha mtoto wa watu mkidhani mnamwinua.

Fistula yenyewe mnaijua. Uchungu pingamizi wa siku mbili, tatu. Kichwa cha mtoto kimekwama, kinakandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga mpaka nyama ya katikati inakosa damu na kufa. Siku chache baadaye nyama hiyo inachomoka, linabaki tundu kati ya kibofu na uke, na mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka wanawake 50,000 hadi 100,000 hupata jeraha hili duniani. Wengine wao ni wa bonde letu. Ni wale mnaowasikia wameacha kwenda kanisani au msikitini, wala hampiti kuwauliza kwa nini.

Sasa niwaambie ya huku. Nafanya kazi ya uhudumu katika wodi ya wanawake. Tunapokea, pamoja na wengine, waliofanyiwa upasuaji wa kutengenezewa uke. Wapo waliozaliwa bila uke, jambo linalompata takriban mtoto mmoja wa kike kati ya 5,000. Wapo walioupoteza kwa saratani. Na wapo waliozaliwa na maumbile ya kiume wanaoishi kama wanawake. Jeraha lao linafanana, na tunawauguza kwa utaratibu unaokaribiana. Siku za mwanzo mgonjwa hulala na mpira wa mkojo, na shashi imejazwa ndani kushikilia nyama mpya. Shashi ikitolewa, muuguzi anamkalisha taratibu, anampa kioo cha mkononi na vipanuzi, vijiti laini vya ukubwa tofauti, na kumfundisha kuviingiza mwenyewe, polepole, mara kadhaa kwa siku, kwa sababu jeraha la huko likiachwa hujibana. Inauma. Nimeshikwa mkono na watu wazima wakilia. Kukaa kitini wanakalia mto wenye tundu katikati. Na hakuna anayewaambia wajikaze.

Akiruhusiwa, anaondoka na cheti. Huku daktari huandika uwezo wa kazi kwa asilimia: kwa wiki kadhaa hawezi kazi asilimia 100, kisha asilimia 50, ndipo arudi kamili. Mwajiri akikisoma hana la kujibu. Asiye na mtu nyumbani, kuna huduma iitwayo Spitex: mtu anakuja kumsafisha kidonda, na mwingine kumpigia deki na kumfulia. Mwanamke aliyejifungua ndiyo kabisa. Sheria inakataza kumfanyisha kazi kwa wiki 8, analipwa likizo ya wiki 14, na mkunga humfuata nyumbani katika siku 56 za mwanzo. Tena sikilizeni vizuri: hata mtoto akizaliwa amekufa, ikiwa mimba ilifikia wiki 23, mama anapewa likizo yake ile ile.

Hapo ndipo kwetu tunapokosea. Sisi arobaini, zile siku arobaini za kumpumzisha mzazi, tunayo, tumeirithi kwa bibi zetu. Mzazi anapikiwa uji wa pilipili manga, anachinjiwa kuku, anakandwa, hagusi maji ya baridi. Lakini mwenye fistula kwa kawaida mtoto wake amefia tumboni kwenye ule ule uchungu uliomjeruhi. Alirudi kutoka hospitali hana kichanga cha kubebwa, na kwa kuwa hakuna kichanga, hakuna aliyekuja na kuku. Mwenye mtoto tunampa arobaini. Aliyefiwa na mtoto tunampa jembe. Miaka inapita akivuja, kisha anapata upasuaji, anarudi, na mara ya pili tena tunampa jembe. Arobaini yake mnadaiwa.

Wala msiniambie Wazungu ni wadhaifu na sisi tumeumbwa na nguvu. Daktari anashona tu. Kushikana kwa nyama ni kazi ya mwili wenyewe, nao una mwendo wake. Tuta la jaruba lililopigwa jana nani wenu hulikanyaga leo? Mnalizunguka, mnafukuza hata mbuzi.

Tuje kwenye mambo yenyewe. Baada ya operesheni ya fistula mpira wa mkojo hukaa kwa kawaida siku 7 hadi 14, zaidi kidogo tundu likiwa kubwa. Kazi ya mpira ni kukiacha kibofu kitupu kipumzike. Ukiziba, kibofu kinajaa, kinavutika, na mshono unaweza kufumuka usiku mmoja. Ndiyo maana wauguzi wa wodi za fistula hupita usiku na tochi wakiinama chini ya vitanda: hawaangalii sura ya mgonjwa, wanaangalia kama tone linadondoka. Maadui wa mpira ni wawili, kujikunja na mkojo mzito. Na mkojo mzito una historia ya kuhuzunisha: mwanamke aliyevuja miaka mitano amejizoeza kutokunywa maji ili asiloe mbele za watu. Wodini wanambembeleza anywe lita 3 au 4 kwa siku, mkojo uwe mweupe kama maji, naye anaogopa kikombe. Akirudi kwenu endeleeni kumbembeleza. Jagi la maji yaliyochemshwa liwe pembeni mwa kitanda chake, na atakayelikuta tupu alijaze.

Wiki 6 za mwanzo asibebe kinachozidi kilo 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Hesabu hiyo haihitaji daktari. Asitwange, asisukume baiskeli yenye gunia, asibebe mtoto wa jirani mgongoni. Shamba lisubiri miezi 3, na msimpeleke dunguni eti ataamia ndege tu kwa sababu ni kazi nyepesi: kuamia ndege ni kusimama tangu alfajiri, kupiga kelele na kurusha udongo, tumbo zima linakaza. Apikiwe mchicha, matembele, papai, asikamuke chooni. Perege na kambale tunao, nyama mpya hujengwa kwa chakula. Kukandwa na maji ya moto hapana, hapo hapakandwi. Ajioshe kwa maji safi, ajikaushe, basi. Na asiingizwe kitu: si mizizi, si ugoro, si dawa ya kubana ya rafiki yake. Baadhi ya hawa makovu yamewabana uke kiasi kwamba daktari amelazimika kuupanua kwa nyama ya pembeni. Huyo atakuwa amepewa maelekezo yake ya vipanuzi kama wagonjwa wangu wa huku, naye aachiwe mlango ufungwe afanye kwa faragha, bila kuulizwa anafanya nini humo ndani. Joto la mwili likipanda, harufu ikibadilika, au akianza kulowa tena, siku hiyo hiyo arudishwe hospitali. Zaidi ya wanane kati ya kumi tundu lao huziba, ila wapo ambao limeziba na bado mkojo unawaponyoka wakikohoa. Huyo si mvivu wala hajarogwa. Anahitaji mazoezi ya misuli ya nyonga, na pengine matibabu zaidi.

Wanaume, kaka zangu, hili nalisema kwa kinywa kipana: miezi 3 kwa uchache, na wengine daktari huwaambia 6. Si wiki 3. Mke hajakunyima, ana mshono ndani. Mume anayempenda mkewe ndiye atakayechota maji kipindi hicho, na atakayemcheka kisimani aje anijibu mimi.

Najua mtasema desturi haibadiliki kwa barua. Lakini Bonde la Kilombero halikulala ndani ya vyandarua tangu zamani. Jina la Ifakara linajulikana hapa Basel tangu mtafiti wa hapa, Rudolf Geigy, alipofika kwetu mwaka 1949, na watafiti walipotuletea vyandarua vya Zuia Mbu katika miaka ya 1990, wapo waliosema vinabana pumzi na vinafanana na sanda. Tukavitundika. Leo mama anayemlaza mtoto bila chandarua anakemewa na mama mkwe wake. Tulijifunza hilo, na hili la kumpumzisha aliyetoka kupasuliwa tunaliweza.

Kwa mwenye ndugu anayevuja sasa hivi: asikae. Aliyejifungua majuzi na kuanza kulowa, kila siku ina thamani, kwa sababu baadhi ya matundu madogo yaliyo mabichi hujifunga kwa kuwekewa mpira wiki kadhaa, bila kisu. Aliyekaa miaka naye bado ana tiba. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, wanafanya upasuaji huu bure, na wana mabalozi wao vijijini. Balozi akiwapigia, nauli hutumwa kwa M-Pesa. Kutoka Ifakara ni safari ya zaidi ya kilomita 400, lakini haitoki mfukoni mwenu. Kilichobaki mfukoni mwenu ni zile wiki za baada ya hapo, na hizo hakuna shirika litakalowalipia.

Halafu mimba ijayo. Apumzike walau mwaka mmoja. Akishika, aende kliniki mapema na aseme waziwazi kwamba alishonwa fistula, maana huyo hazai tena kwa njia ya kawaida. Anazaa kwa operesheni, iliyopangwa. Ninyi wa Ulanga na Malinyi, msinipe tena sababu ya kivuko, daraja la Mto Kilombero mmelipata tangu 2018. Ikiwa mwezi wa nane wa mimba utaangukia masika na ninyi mko mashambani, atolewe dunguni kabla njia haijafungwa, apelekwe kwa ndugu aliye karibu na hospitali ya Mtakatifu Fransis, na nauli, kanga na jina la mtu wa kumchangia damu viwe tayari kabla uchungu haujaanza.