Bi Harusi Tunampima, Jiliwa Hatukulipima



Wengi mmetuuliza ile mihuri ya mbao tunayopigia nakshi kwenye mitandio ya usiku wa hina tunachongesha wapi. Tunachonga wenyewe, hapa hapa dukani, nyuma ya cherehani. Sisi ni mawifi wawili, mafundi wa nguo, na zamu yetu ya upatu ilipofika tulinunua mashine ndogo ya CNC, ile inayochonga kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Eneo lake la kazi ni sentimita 30 kwa 18, na kisu chake hupanda na kushuka milimita 45 tu. Vipimo hivyo vilikuja vimeandikwa kwenye karatasi. Tuliviona, tukavipita.

Ubao hauwezi kuchongwa bila kubanwa. Kazi hiyo hufanywa na jiliwa, mafundi wengine huliita vaisi: mataya mawili ya chuma, moja limesimama, la pili husogea ukizungusha mkono wake. Tukaenda duka la vifaa tukachagua lililo zito kuliko yote, kwa akili zetu kwamba uzito ndio uimara. Muuzaji alituuliza ni la mashine gani. Tukamjibu "ya kuchongea", tukalipa, tukaondoka.

Kufika dukani, jiliwa lina kimo cha milimita 70. Ukiweka ubao juu yake, kisu hakina pa kupita! Badala ya kulirudisha siku ile ile, tukaipandisha mota kwenye kishikio chake, tukakivuta kisu kitoke nje zaidi. Kisu kikitoka sana hutetemeka. Halafu meza ya mashine kama yetu huenda mbele na nyuma juu ya vyuma viwili vyembamba, ikivutwa na mota ndogo. Ukiitwisha zigo la kilo nne inaruka hatua, na kompyuta haina habari. Ua la nne lilitoka limekaa juu ya la tatu.

Hayo ni hasara ya ubao tu. Lililotutia hofu ni jengine. Jiliwa lile lilikuwa la mashine ya kutobolea. Katika kutoboa nguvu hushuka chini, lakini katika kuchonga nguvu husukuma pembeni. Tena ukilikaza, taya linalosogea hujiinua kidogo, na ubao hupanda nalo bila ya jicho kuona. Jumatano baada ya laasiri ubao ulichomoka, ukapita pale alipokuwa amesimama mmoja wetu dakika moja kabla, ukagonga ukuta. Kisu kikakatika. Tukabaki kutazamana, hakuna aliyesema kitu.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Bi harusi ameshalipa nusu, na mitandio 40 imekunjwa inasubiri. Tulifikiria kumwambia umeme ulikatika, na nani asingeamini? Lakini ile nusu ilikuwa amana mikononi mwetu. Tukampigia, tukamweleza yote, tukamwambia pesa zake zipo akizitaka. Alinyamaza, kisha akauliza, "Hamkuumia?" Akatupa muda hadi Ijumaa asubuhi.

Aliyetutoa ni seremala jirani. Alituambia tuchukue ubao mkubwa kidogo kuliko muhuri, tuupige parafujo nne kwenye pembe, nje ya nakshi, juu ya ubao mwengine wa kutupa uliofungwa mezani kwa boliti. Jiliwa halikuhitajika hata kidogo. Muhuri ulitoka Alhamisi usiku, alhamdulillah, na mitandio ikawahi.

Kwa hiyo dada, kama unachonga kimoja kimoja, pesa ya jiliwa kaa nayo. Sisi tulilihitaji baadaye, oda zilipokuwa nyingi na vipande vyote vya kipimo kimoja. Safari hiyo tulikwenda na futi yetu ya kushonea. Tulianza na kimo: ubao, jiliwa na kisu vyote viingie chini ya mota, na kisu kibaki na nafasi ya kupanda. Kisha uzito. Kisha tukaangalia kama boliti zake zinaingia kwenye mifereji ya meza yetu, maana jiliwa lisilofungika mezani ni pambo.

Tulilochukua lina mataya mawili yaliyoachana, kila moja hufungwa peke yake kwenye mifereji, na ubao hulala juu ya meza yenyewe. Kimo chake ni milimita 20. Ubao wetu wa mfenesi ni milimita 25 na tunachonga milimita 3, hivyo kisu hakifiki kwenye chuma. Taya lililosimama tunalinyoosha kwanza: mashine ikiwa imezimwa kisu, tunakipitisha ubavuni mwake kutoka mwanzo hadi mwisho, karatasi ikiwa katikati. Karatasi ikibanwa upande mmoja na kulegea upande wa pili, taya limekwenda mshazari. Na baina ya chuma na ubao tunaweka kibao chembamba, mfenesi usiumwe.

Baibui tunalivua kabla ya kuwasha, mikono ya nguo tunaikunja, mtandio tunaubana kwa pini, miwani machoni. Mlango tunaufunga, hapo hatupokei mgeni wa kiume.

Lile jiliwa la kwanza muuzaji alikataa kulirudisha, na haki yake, lilishachubuka. Tumelifunga kwenye benchi la mbao, tunabania vipande tunapokata kwa msumeno. Kwa kazi hiyo halina mfano.