Mume Wangu na Timu ya Kwenye Karatasi

Wanawake wenzangu, kuna wanaume hawasemi. Utamuuliza kazini kukoje, atakujibu "poa". Utamuuliza mbona umenuna, atakwambia "nimechoka tu". Ukizidi kuchimba, anawasha televisheni. Mimi niliolewa na mmoja wa hao, na leo nataka kuwasimulia kilichomfungua mdomo. Siyo mshenga, siyo mchungaji. Ni timu ya mpira ambayo haipo.

Haipo kwa maana kwamba huwezi kukata tiketi ukaenda kuiangalia. Supa Strikas ni timu ya kwenye vitabu vya katuni. Kama una kaka aliyesoma sekondari miaka ya 2000, mtajie jina la Shakes halafu mwangalie anavyotabasamu. Shakes ndiye mshambuliaji wao, jezi namba 10. Nahodha ni Dancing Rasta, golini yupo Big Bo, na kuna El Matador, Mhispania anayejipenda kuliko kioo. Mahasimu wao wakubwa ni Invincible United, watu ambao fitina kwao inaanza hata kabla filimbi haijapulizwa.

Baba Junior alikulia Tengeru, chini ya Mlima Meru, kwenye migomba na kahawa. Mjomba wake alikuwa utingo wa basi la Nairobi kupitia Namanga, na ndiye aliyekuwa akimletea nakala, maana kule Kenya lilikuja bure ndani ya gazeti. Likifika Tengeru linasomwa na darasa zima, linarudi halina jalada, naye analishona kwa uzi. Tulipooana mwaka 2013 alihamia na godoro, redio na boksi la sabuni limejaa Supa Strikas. Shangazi yangu alilifungua, akaniangalia, akauliza: "Huyu ni mume au ni mtoto?" Nilicheka. Boksi likapanda juu ya kabati.

Baadaye nilitaka kujua kilichomo kina utamu gani. Timu ilizaliwa Afrika Kusini mwaka 2000. Waliobuni walikuwa na akili ya biashara: makampuni yanalipa, nembo zao zinaonekana ndani ya hadithi yenyewe, kwenye jezi na mabango ya uwanjani, na mtoto anapata jarida bila kutoa hata senti. Ndiyo maana lilisambaa nchi nyingi za Afrika na kuvuka bahari, mwisho likageuzwa kuwa katuni ya televisheni. Sisi tuliokulia na Sani, kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, tulizoea katuni za kuchekesha. Hii ilikuwa nyingine. Hapa kijana mweusi ndiye staa, na mechi inaisha ukiwa umeshika roho.

Na kumbe timu za namna hii zina babu yao. Uingereza, Septemba 1954, jarida la Tiger lilianza kuchapa hadithi za Roy Race wa Melchester Rovers, timu ya kubuni vilevile. Roy alipendwa mpaka mwaka 1976 akapewa jarida lake mwenyewe. Lakini raha tupu haikuwepo. Mwaka 1981 alipigwa risasi, akapona. Mwaka 1986 wachezaji wenzake 8 waliuawa kwa bomu wakiwa safarini. Mwaka 1993 helikopta aliyokuwa akiirusha ilianguka, akapoteza mguu wa kushoto, na kucheza kukaishia hapo. Akageukia ukocha. Yaani hata kwenye karatasi, ambako mchoraji angeweza kumwacha mtu awe kijana na mshindi milele, mpira ulifika siku ukamkataa.

Kwa nini kijana wa Arusha aipende timu ya karatasi? Jamani, angalieni timu zetu. JKT Oljoro ilitupandisha mori pale Sheikh Amri Abeid, mwaka 2014 ikashuka daraja. Mtoto wa huku mara nyingi anachaguliwa Simba au Yanga, timu za Dar, na anachaguliwa na baba yake kabla hajajua kuongea. Supa Strikas hakuna aliyekurithisha. Uliichagua mwenyewe.

Sasa nirudi nyumbani kwangu. Mume wangu ni dereva wa watalii. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 ikaja korona, wakashuka mpaka kama laki 6 na ushee. Kwenye gazeti hiyo ni takwimu. Kwa sisi wa Arusha ilikuwa ni magari yamepangwa uani na vumbi juu, na wanaume wamekaa karibu na Mnara wa Saa kuanzia asubuhi wakisubiri simu isiyolia. Baba Junior alikuwa akiondoka saa 1 kamili, kapiga pasi sare ya kazi, anarudi jioni. "Vipi leo?" "Poa."

Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, Junior ana miaka 6, yupo tu ndani. Siku moja akaliona lile boksi, akalilia, baba yake akalishusha. Tangu hapo kila jioni wakawa wanakaa barazani wanasoma. Mimi nikiwa jikoni nasikia: pasi, krosi, goooli! Sauti ya mume wangu niliyokuwa sijaisikia kwa wiki kadhaa.

Jioni moja Junior akauliza, "Baba, mbona Shakes kakaa benchi?" Kimya kidogo. Kisha nikasikia: "Hajaachwa, mwanangu. Anasubiri tu kuitwa. Ila kukaa benchi kunauma, kwa sababu kila mtu anakuona umevaa jezi na huchezi."

Nilizima jiko, nikatoka na vikombe viwili vya chai. Junior alipoenda kulala, sikumuuliza habari za kazi. Nilimuuliza habari za timu.

"Hivi Shakes akipata shida anamwambia nani?"

"Kocha. Au Rasta."

"Na akimficha Rasta?"

Akazungusha kikombe. "Mechi wanapoteza, Mama Junior."

Akainuka, akaingia ndani, akarudi na bahasha. Alikuwa amekopa shilingi milioni 6 kwenye chama cha akiba ili aingie ubia wa gari na mwenzake, mwezi mmoja kabla ya ndege kusimama. Dhamana ilikuwa kiwanja chetu cha Moshono. Marejesho ya miezi mitatu hayajalipwa, na barua ya mwisho ilitoa siku 30.

Sikulala. Nilikasirika, tena sana, na nilimwambia. Kiwanja kile tulikinunua wote, nusu ni jasho langu. Lakini zilikuwa zimebaki siku 19, na siku 19 unaweza kufanya kitu. Tulikwenda wote wawili kwenye ofisi ya chama, tukaomba muda wa kulipa urefushwe. Mshahara wangu ukabeba marejesho, yeye akaanza kusambaza mboga za Tengeru mjini kwa pikapu ya kukodi. Wageni waliporudi, akarudi barabarani. Kiwanja bado ni chetu, na karatasi zake sasa nazitunza mimi.

Siwaambii kwamba katuni ziliokoa ndoa. Kilichookoa ni kulipa deni. Ila mtu hawezi kulipa deni ambalo halijatajwa, na mume wangu hakuwa na maneno ya kulitaja mpaka alipoazima ya timu yake. Wengi wao wako hivyo. Ukimwambia "niambie unavyojisikia", umemfungia mlango. Muulize kuhusu kipa aliyefungwa magoli matano, uone.

Kwa hiyo, dada, kama mwenzio ana boksi la vitabu vyake vya utotoni juu ya kabati, usilitupe wakati wa usafi wa mwisho wa mwaka. Lishushe, kaa naye, mwulize nani anacheza namba ngapi. Halafu nyamaza, usikilize.