Pikapu ya Dizeli Inapokosa Mafuta

Mpwa wangu,

Hilux ya injini ya 5L, kama zilivyo pikapu nyingi za dizeli za zamani, haina pampu ya umeme ndani ya tenki. Pampu ya nozo ndiyo inayovuta dizeli kutoka nyuma kupitia chujio, kisha kuisukuma hadi kwenye nozo. Njia ya mafuta basi ina pande mbili, wa kuvuta na wa kusukuma, na hitilafu nyingi hukaa upande wa kuvuta, ambako matengenezo ni nafuu. Inasikitisha mno kuona pampu ikifunguliwa na kupelekwa kwa fundi pampu kabla ya mtu kugusa hata klipu moja ya mpira.

Moshi ndio shahidi wa kwanza. Stata ikizungusha injini na silensa isitoe moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe na injini isiwake, dizeli inafika ila haiungui. Hapo hutazamwa plagi za kupasha moto, mgandamizo na taimingi. Pasipo moshi, huanzwa na valvu ya umeme inayokata mafuta kwenye pampu. Swichi ikiwashwa, husikika ikigonga mara moja. Ikinyamaza, hupimwa kama waya wake unapata volti 12.

Gari linalolegea mlimani likiwa na mzigo, kisha likapata nguvu baada ya kusimama kidogo, mara nyingi limeziba chujio, au wavu wa ndani ya tenki umejaa takataka. Wakati mwingine ni tundu la kupumulia la tenki. Hilo hujulikana upesi: kifuniko kikifunguliwa, hewa huingia kwa mlio na gari hurudi hali yake.

Gari linalosumbua kuwaka asubuhi, kisha likatembea mchana kutwa bila shida, kwa kawaida linavuta hewa, na hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Mpira uliopasuka upande wa kuvuta huenda usidondoshe hata tone, kwa kuwa injini ikiunguruma ni hewa inayoingia, si mafuta yanayotoka. Usiku dizeli hurudi tenkini taratibu. Kipande cha mpira angavu kikiunganishwa kabla ya pampu huonyesha viputo vikipita.

Kipimo cha kuaminika kuliko vyote ni dumu la dizeli safi. Mpira wa kuvuta na wa kurudisha hutolewa kwenye njia ya tenki, yote miwili ikatumbukizwa dumuni, kisha hewa ikatolewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya chujio hadi iwe ngumu. Tatizo likiisha, kosa liko kati ya tenki na mahali mipira ilipounganishwa, na pampu ya nozo haina hatia.

Maji nayo hayafai kupuuzwa. Bomba dogo chini ya chujio hufunguliwa, yatokayo yakakingwa kwenye chupa ya kioo na kuachwa yatulie. Maji hukaa chini. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli ni adui wa siri zaidi, maana pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. Nchini Tanzania, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kubaini uchakachuaji huo.

Upande wa kusukuma ukifikiwa, kwenye injini za zamani nati za mabomba ya nozo hulegezwa moja moja injini ikiunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta (sailensi), macho na mikono ikiwa mbali. Mlio usipobadilika, silinda hiyo haifanyi kazi. Kwenye injini mpya zaidi kama 1KD-FTV ni mwiko kabisa: mgandamizo hufika bar 1,600, na dizeli ya nguvu hiyo hupenya ngozi. Huko hupimwa mafuta yanayorudi kutoka kila nozo. Inayorudisha mengi kupita wenzake inavujisha ndani.

Chujio likipasuliwa na kukutwa vumbi linalong'aa la chuma, pampu inajila yenyewe. Hapo ndipo kuitoa kuna haki, na kabla ya nyingine kufungwa, tenki na mabomba yote huoshwa.

Mjomba wako