Gramafoni Iliyoshuka Darini

Dari ya jikoni, katika nyumba nyingi za mashambani, ni makao ya vitu ambavyo havijapata ruhusa ya kufa. Huko hupandishwa mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na fukusi. Huko huwekwa vibuyu vya mursik vilivyopasuka ambavyo hakuna mwenye moyo wa kuvitupa. Na huko ndiko gramafoni ya familia moja ya Mogogosiek, katika Kaunti ya Bomet, ilikokaa kwa zaidi ya miaka arobaini, ikiwa imefunikwa gunia la majani chai na kuwambwa masizi mazito kiasi kwamba aliyeipapasa gizani angedhani ameshika sufuria.

Aliyeiteremsha ni mwana wa nyumba hiyo, mzee aliyestaafu baada ya kuhudumia mitambo ya kiwanda cha chai kwa zaidi ya miaka thelathini. Majirani humwita Fundi, na hapa pia ataitwa hivyo. Sababu za kuiteremsha zilikuwa mbili, na zilivutana tangu siku ya kwanza. Ndugu yake mdogo aishiye Nairobi alikuwa amepata mnunuzi, mtu anayepamba hoteli kwa vitu vya kale, aliyeahidi fedha ambazo zingetosha nusu ya karo ya muhula wa mwana wa Fundi chuoni. Mnunuzi aliitaka ikiwa inacheza. Sababu ya pili ni mama yao. Bibi huyo, ambaye watoto wote wa boma humwita Kogo, ameshapita miaka themanini. Siku hizi husahau majina ya wajukuu na husahau kama ameshakula, lakini mwezi Machi aliuliza mara tatu kwa siku moja: "Yule mtu wa sandukuni amekwenda wapi?"

Gramafoni yenyewe ni ya aina ya HMV 102, sanduku jeusi la kubebeka mkononi kama begi la safari, ambalo Waingereza walianza kuliuza mwaka 1931. Haina umeme wala betri. Hendeli huchomekwa ubavuni, huzungushwa, na nguvu za mkono wa binadamu huwekwa akiba ndani ya kamani. Baba yake Fundi alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la chai upande wa Kericho. Mwaka 1963 meneja alipofunga virago, alimwachia mpishi wake sanduku hilo pamoja na santuri saba. Kogo wakati huo alikuwa bibi arusi. Alipokea kitu ambacho hakuna mwanamke mwingine kijijini aliyekuwa nacho, na kila Jumapili jioni uwanja wake ulijaa watu.

Kazi ilianza kwa mafuta ya taa na matambara. Masizi yalipotoka ilibainika kwamba moshi uliolaumiwa ndio uliookoa mbao. Mchwa hawakuwa wamegusa hata ukingo mmoja. Ndani, hata hivyo, mambo yalikuwa mengine. Grisi ya kale ilikuwa imeganda ikawa kama gundi. Mpira ulioshikilia kiwambo, yaani kile kibati chepesi cha alumini kinachotetemeka na kugeuza mitikisiko ya sindano kuwa sauti, ulikuwa mgumu kama mfupa, na kiwambo kisichoweza kucheza huru hukwaruza badala ya kuimba. Fundi alihangaika siku mbili akitafuta mpira mwembamba wa kutosha, kisha akacheka peke yake: alikata vipande viwili vya mpira wa valvu ya baiskeli, vikakaa kana kwamba vilizaliwa humo.

Gavana ilimpa furaha zaidi. Tangu mwaka 2013 neno hilo limekuwa na maana nyingine katika nchi ya Kenya, na mwanawe aliposikia kwamba "gavana ameharibika" aliuliza kuna habari gani mpya Bomet. Ila mafundi walikuwa nalo kabla ya wanasiasa. Gavana ya gramafoni ni uzito tatu wa risasi, kila mmoja ukiwa umefungwa kwenye bapa jembamba la chuma. Mwendo ukizidi, uzito hutawanyika kwa kani ya mzunguko, huvuta kisahani, nacho husugua kipande cha ngozi na kupunguza kasi. Ni kanuni ileile iliyotawala injini za dizeli alizozilea kiwandani. Bapa moja lilikuwa limekatika. Alikata jingine kutoka kwenye kamani ya saa mbovu ya mezani, akalitoboa na kulifunga.

Lililobaki ni kamani yenyewe, na hapo ndipo mzaha ulipokoma. Kamani ya gramafoni ni utepe wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita tatu, uliokunjwa ndani ya kopo lisilozidi kiganja. Anayeufungua bila hadhari hupoteza jicho au kidole. Fundi alimfukuza mwanawe jikoni, akavaa koti la mvua juu ya koti la kazi na glavu za kuchomelea, akauachia utepe mzunguko baada ya mzunguko huku ukimpiga mikononi kama nyoka aliyekanyagwa. Ulikuwa umevunjika karibu na ncha, pale ulipopaswa kushika mhimili. Dawa yake ni moja: kuikata ncha mbovu, kuipasha moto iliyobaki hadi ilainike, kuitoboa tundu jipya na kuirudisha. Lakini kila kinachokatwa hakirudi. Kamani iliyopona ni kamani iliyopungua.

Wasomi wa Kiswahili wanaijua santuri zaidi kwa njia ya Siti binti Saad, aliyevuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi nyimbo zake. Kule pwani, basi, gramafoni ilipata upesi kuimba kwa lugha ya wasikilizaji wake. Bara, katika nchi ya chai, ilikaa muda mrefu ikisema lugha za watu wengine. Mwaka 1950, ambao ndio mwaka aliofariki Siti, Mwingereza Hugh Tracey alifika Kapkatet, si mbali na Mogogosiek, akiwa na mitambo ya kunasia sauti. Miongoni mwa aliyoyanasa ni wasichana wa Kipsigis wakiimba kwa kinubi wimbo unaomtaja Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imewafikia Wakipsigis kwa santuri. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walikuwa wamemgeuza kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, na walimhimiza acheze kwa kuruka hadi nguo zimvuke.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha watu wasiojua gramafoni ni nini. Huo ni usomaji wa kivivu. Mwanafunzi yeyote aliyekaa darasani katika somo la fasihi simulizi anatambua kilichotendeka: sauti ngeni iliingia bomani bila mwili, na jamii ikaipa mwili kutokana na viumbe iliyowafahamu. Hayo si makosa ya kusikia, bali ndivyo ngano zinavyotungwa. La kusikitisha liko kwingine. Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, na sauti za wasichana wale zikahifadhiwa huko. Yapata miaka 65 ilipita kabla ya nakala kurejeshwa Kapkatet. Kwa muda wote huo boma lilikuwa na chombo cha kumsikilizia mgeni, lakini halikuwa na lake lenyewe.

Si kwamba hakukuwa na juhudi za nyumbani. Mjini Kericho, duka la Chandarana lilitoa santuri za wanamuziki wa Kipsigis na wa jamii jirani. Jirani mmoja, aliposikia kwamba gramafoni inafufuliwa, alileta moja ya hizo akiwa amejaa matumaini. Fundi aliishika kwa heshima na kukataa kuicheza. Santuri hizo ndogo ni za plastiki laini, zimetengenezwa kwa mizunguko 45 kwa dakika na kwa sindano nyepesi kama unyoya. Mkono wa gramafoni ni mzito na sindano yake ni ya chuma. Ingeulima wimbo kama jembe. Jirani aliondoka amenuna, na hadi leo anaamini alinyimwa.

Katika santuri saba za meneja imebaki moja. Nyingine zilivunjika, kwa kuwa shelaki, ile gundi ya wadudu wa India iliyochanganywa na unga wa mawe, haisamehe anguko. Karatasi ya katikati imeliwa na mende, hivyo hakuna ajuaye mwimbaji ni nani wala wimbo unaitwaje. Na hata hiyo moja haiwezi kuchezwa ovyo. Sindano ya chuma inapopita katika mfereji wa santuri hulika na kuumega, ndiyo maana zilitakiwa kutupwa baada ya upande mmoja tu. Fundi alikumbuka kusikia kwamba Wazungu waliojali santuri zao walitumia miiba. Akamtuma mwanawe akakate miiba mikavu kwenye ua, akainoa kwa msasa. Sauti ya mwiba ni ndogo kuliko ya chuma, lakini haina ukatili.

Jumamosi jioni walipima mwendo. Kipande cha karatasi kiliwekwa chini ya santuri kichomoze nje, na mwana akahesabu mizunguko kwa saa ya simu. Mara ya kwanza alipata 91. Skrubu ya gavana ikakazwa, 83. Ikakazwa tena, wakahesabu mara mbili ili kuondoa shaka: 78. Hakuna aliyeshangilia. Fundi alifuta mikono, akaenda kumwita mama yake.

Kogo aliketi kwenye kigoda, shuka mabegani. Mwana alizungusha hendeli hadi ilipoanza kuwa nzito, mwiba ukateremshwa. Kwanza ulisikika mchakato kama mvua ya mbali juu ya bati, kisha gitaa, kisha mwanamume akiimba kwa Kiingereza, polepole, kana kwamba ana usiku kucha. Kogo hakutikisika. Mstari wa pili ulipoanza, alianza naye. Hakuimba Kiingereza. Aliimba Kipsigis, maneno kamili, yenye vina vyake: kuhusu mtu aliyefungiwa sandukuni kwa kumkimbia mkwewe, na ng'ombe wanne wa mahari anaodaiwa, na kwamba atatoka siku watakapolipwa. Fundi ameishi na mama yake miaka sitini na hakuwahi kuyasikia. Alipokuwa mtoto, uwanja ulijaa watu wazima na yeye alikuwa amekwisha kulala. Mwanawe alitoa simu mfukoni ili anase sauti, lakini akiwa bado anahangaika na kufuli yake mambo yalibadilika.

Kamani fupi ilikuwa inakwisha. Upande mmoja wa santuri ya kawaida huchukua takriban dakika tatu, na gramafoni nzima huumaliza bila kuchoka. Hii iliyopungua haikufika. Sauti ya mwimbaji ilianza kuzama, ikawa nene, ikawa ya jitu, ikakokota gitaa nyuma yake. Mwana aliruka kushika hendeli. Kogo alimzuia kwa kiganja.

"Liache," alisema. "Anasinzia. Hata zamani alikuwa anasinzia."

Naye akateremsha sauti yake pamoja nayo, neno kwa neno, hatua kwa hatua, hadi sahani iliposimama na yeye akanyamaza. Kisha akauliza kama ng'ombe wamekamuliwa.

Waliicheza mara moja tu jioni ile. Jumapili Kogo hakukumbuka kwamba kulikuwa na gramafoni. Jumatatu aliuliza tena yule mtu amekwenda wapi. Ndugu wa Nairobi alipiga simu usiku wa Jumatatu kusema kwamba mnunuzi angefika Ijumaa na gari lake, fedha taslimu. Karo ilidaiwa kabla ya mitihani, na malipo ya mwaka ya wakulima wa chai, ambayo kwa kawaida hutoka Oktoba, yalikuwa bado miezi mitano.

"Bado haijapona," Fundi alijibu. "Kamani ni fupi."

Ndugu yake alitaka kujua kama kuna uwezekano wa kupata nyingine. Fundi alisema atatafuta, kwamba vitu kama hivyo huchukua muda, na kwamba amwambie mnunuzi asijisumbue na safari kwa sasa. Alipokata simu aligeuka kumtazama mwanawe, maana fedha alizokuwa anazikataa hazikuwa zake. Kijana alikuwa ameketi karibu na taa, msasa mkononi, akinoa mwiba mwingine.