Bei ya Kitu cha Bure

Nilipokwenda nyumbani Miburani likizo hii, mdogo wangu alinipokea kwa shikamoo moja na ombi moja: "Kaka, niwekee antivairasi ya bure." Yeye ni mtunza hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na hesabu zote zimo katika kompyuta yake ya mitumba. Siku chache kabla, alikuwa amepeleka flashi kwenye duka moja la steshenari kuchapisha taarifa ya mkutano. Ilirudi kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato, isiyofungua kitu. Wanachama walikwisha kuanza kunong'ona. Fedha zilikuwepo, kilichotoweka ni ushahidi kwamba zipo, na kwa mtunza hazina tofauti hiyo ni ndogo mno.

Kirusi cha aina hiyo, kwa kawaida, hakifuti kitu. Huzificha folda za kweli na kuweka za bandia, ili anayebofya akiamshe mwenyewe. Tuliruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, hesabu zote zikajitokeza. Mdogo wangu aliketi sakafuni, akacheka mpaka machozi.

Likabaki suala la kinga. Vijana wa mtaani walikwisha kumpendekezea programu ya bure, na mimi nikamsimulia kisa cha Avast. Kampuni hiyo ilikusanya nyendo za watumiaji wake mtandaoni, na kampuni yake tanzu, Jumpshot, ikaziuza mpaka ilipofungwa mwaka 2020. Mwaka 2024 mamlaka za Marekani ziliitaka ilipe dola milioni 16.5. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami naiunga mkono. Lakini ni ridhaa gani ile, mtu anapobofya "kubali" chini ya kurasa za Kiingereza cha mawakili, bando likikaribia kwisha?

Tulichagua Defender, iliyomo tayari ndani ya Windows. Nayo hula bando kwa masasisho, jambo ambalo wasifiao vya bure hawalitaji. Kisha tukaweka nakala ya hesabu kwenye flashi ya pili, isiyotoka nyumbani.

Jumapili wanachama walisomewa hesabu zao. Mama mmoja akauliza ni nani mwingine anayeweza kuziona. Mdogo wangu akanigeukia mimi.