Kilima Kilichosahauliwa

Msomaji mwema, kiwanja cha mama yangu huko Sigor kimelala mtelemkoni. Nilipoazimia kumjengea nyumba, niliichora katika kompyuta kwa programu iitwayo Sweet Home 3D: sebule chini, vyumba vya kulala juu kidogo, na kati yao ngazi ya vidato saba, kila kidato sentimita 20. Picha ilipendeza, nami nikajiona fundi.

Mama aliitazama kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, kilima chetu kiko wapi?"

Niliona haya. Programu ile huanza na ardhi iliyo sawa kama meza, nami sikuwa nimepima ya kwetu. Kesho yake tulijaza maji katika mpira mwangavu. Maji yakitulia, husimama kimo kimoja katika ncha zote mbili. Ndivyo tulivyojua kwamba mtelemko ni sentimita 80, wala si 140. Vidato vikawa vinne, na magoti ya mama yakapunguziwa vitatu.

Basi kumbuka, msomaji: chombo hakijui usichokiambia. Kabla ya kuchora, pima. Na kabla ya kupima, muulize atakayeishi humo.